Marikani ya dukani na historia ya Wamarekani wa kawaida iliyomo katika kamusi yetu

Juma lililopita, nilipokuwa nikikusanya karatasi zangu baada ya mhadhara wa isimu ya kihistoria, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinifuata hadi mlangoni.

"Samahani, Profesa," aliniambia. "Shangazi yangu ni fundi wa cherehani. Jana alinituma Biashara Street nimnunulie mita sita za marikani. Nikamwuliza mwenye duka kitambaa kimetoka wapi, akaniambia India. Sasa mbona kinaitwa marikani?"

Nilimjibu papo hapo, jinsi nilivyowajibu wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka 30: neno hilo ni la mkopo, limetokana na jina la Amerika, kwa kuwa hapo kale kitambaa hicho kililetwa pwani yetu na mabaharia kutoka Marekani. Akanishukuru, akaenda zake.

Lakini njiani nikielekea nyumbani jibu langu lilianza kunikera. Lilikuwa sahihi, ila lilikuwa jibu la mtu mvivu. Ni sawa na kumwambia mtu kwamba ugali umetokana na unga, ukanyamaza. Unga ulitoka wapi? Nani aliyelima? Nani aliyesaga? Leo, mpenzi msomaji, nataka kulipa deni hilo. Na ili nililipe, sina budi kukupeleka mbali na Biashara Street, hadi katika miji midogo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwa watu ambao majina yao hayamo katika vitabu vya marais na majemadari.

Kwanza neno lenyewe. Tunalo katika sura kadhaa: amerikani, merikani, marekani na marikani. Irabu ya mwanzo ilidondoka, jambo la kawaida neno geni linapopita katika vinywa vya watu wengi, na irabu iliyofuata ikabadilika kulingana na mahali na msemaji. Hapa niwatahadharishe wanafunzi wangu ambao hupenda kulihusisha neno hili na 'merikebu', eti kwa kuwa kitambaa kililetwa na merikebu. La hasha. Merikebu ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na kufanana kwao ni kwa bahati tu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba jina la nchi na jina la kitambaa ni neno moja. Kwa watu wengi wa bara, kitambaa ndicho kilichotangulia. Mpagazi wa Kinyamwezi wa katikati ya karne ya 19 aliijua marekani ya begani mwake kabla hajamwona Mmarekani hata mmoja. Kwake Marekani haikuwa taifa lenye rais na bendera. Ilikuwa nguo ya pamba, nzito, isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa yaliyokaa, inayodumu kuliko nyinginezo. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia za misafara kuanzia mwaka 1857, aliieleza kwa kirefu katika maandishi yake, na Stanley naye alinunua marobota ya merikani na kaniki kabla ya kuondoka pwani mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone. Bila nguo hiyo hungepata chakula njiani, hungelipa hongo kwa machifu, wala wapagazi hawangepata posho.

Basi nguo hiyo ilifumwa na nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kufundisha Kiswahili katika chuo kimoja cha jimbo la Massachusetts. Jumamosi moja nilipanda gari moshi kwenda Lowell, mji ulio kando ya mto Merrimack. Pale, katika jengo la zamani la kiwanda cha Boott, wameweka jumba la makumbusho na kuhifadhi ukumbi wenye safu za mashine za kufumia. Mgeni hupewa vizibo vya masikio kabla ya kuingia. Nilivikubali kwa adabu, nikidhani ni mambo ya wazungu tu. Wee! Mashine zilipowashwa, sakafu ilitetemeka hadi magoti yangu yakahisi. Nilivumilia dakika chache, nikatoka.

Wale waliofanya kazi katika viwanda kama hivyo miaka ya 1830 walisimama humo kwa zaidi ya saa 70 kila juma. Wengi wao walikuwa wasichana, mabinti wa wakulima wadogo kutoka New Hampshire, Vermont, Maine na Massachusetts yenyewe. Kiwanda cha kwanza kikubwa cha mji huo, Merrimack, kilianza kufuma mwaka 1823. Wenye viwanda walihitaji vibarua, na huko mashambani ardhi ilikuwa ya mawe na watoto walikuwa wengi. Msichana aliondoka kwao ili amlipie kaka yake karo, au apunguze deni la baba, au aweke akiba yake mwenyewe kabla ya kuolewa. Alilala katika nyumba za kampuni, vitanda vikiwa vimebanana, chini ya mwanamke mlezi ambaye aghalabu alikuwa mjane. Kengele ilimwamsha kabla ya mapambazuko. Kengele ikamwita kazini. Kengele ikamwambia ale, tena haraka.

Madirisha ya ukumbi wa kusokotea uzi yalifungwa, hata wakati wa kiangazi, kwa sababu hewa kavu hukata nyuzi. Vumbi la pamba lilielea hewani likaingia mapafuni. Na bado wasichana hao walisoma. Walikodi vitabu, wakahudhuria mihadhara ya jioni, na kuanzia mwaka 1840 kukawa na jarida, Lowell Offering, lililojaa maandishi yao wenyewe.

Wala hawakuwa wanyonge. Mwaka 1834, waliposikia kwamba mishahara ingekatwa, mamia yao waliacha mashine wakaandamana mjini. Mwaka 1836 wakagoma tena, safari hii kwa sababu ya gharama ya malazi iliyopandishwa. Miongoni mwao alikuwamo mtoto wa miaka 11, Harriet Hanson. Kazi yake ilikuwa kuondoa vijiti vilivyojaa uzi na kuweka vitupu. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1898, akiwa mama mtu mzima, alieleza jinsi wenzake wa chumba chake walivyositasita siku ile, kila mmoja akimwuliza mwenziwe afanye nini. Yeye akachoka kungoja, akasema yeye anatoka, wafuate au wasifuate. Akatoka. Alipogeuka nyuma, aliona msururu mrefu ukimfuata.

Hadithi hiyo hupendwa sana, na wengi huikomesha hapo. Lakini Harriet alieleza pia kilichofuata. Mama yake alikuwa mjane aliyesimamia mojawapo ya nyumba za malazi za kampuni. Msimamizi wa kampuni alimwondoa kazini. Mabinti wakubwa aliokuwa akiwalaza, aliambiwa, hakuweza kuwazuia. Lakini huyu mtoto alikuwa wake wa kuzaa, na huyu angemzuia.

Haya basi. Hao ndio waliosokota na kufuma. Lakini pamba yenyewe haioti Massachusetts, kwenye theluji. Ilitoka Kusini: Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana. Walioipanda, wakaipalilia na kuichuma walikuwa watumwa, watu wa asili ya Afrika. Kufikia mwaka 1860 idadi ya watumwa katika Marekani ilikaribia milioni 4, na pamba ilikuwa ndiyo bidhaa kubwa kupita zote ambazo nchi hiyo iliuza nje.

Wasichana wa Lowell walilijua hilo. Wengi wao walitia sahihi maombi ya kulitaka bunge la nchi likomeshe utumwa katika mji mkuu. Walipogoma, walijilinganisha wenyewe na watumwa, wakasema hawatakubali kufanywa hivyo. Na asubuhi iliyofuata, au juma lililofuata, walirudi kwenye mashine na kushika pamba iliyochumwa na watumwa halisi. Siwalaumu. Nami navaa shati ambalo sijui ni nani aliyelishona wala alilipwa nini. Nasema tu kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tazama jambo hili, kwa maana hapa ndipo mimi, mwanaisimu mzima, niliposhikwa na bumbuazi. Sehemu ya kitambaa hicho kigumu ilirudi Kusini. Wenye mashamba walikinunua kwa bei nafuu ili kuwavisha watumwa wao. Na watumwa walikiitaje? Walikiita 'lowell'. Kati ya miaka ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwatuma watu kuwahoji wazee waliozaliwa utumwani, zaidi ya 2,000. Katika mahojiano hayo neno hilo linajitokeza mara kwa mara. Mzee anaeleza kwamba utotoni alivaa shati moja refu la lowell, bila suruali, mpaka alipokuwa mkubwa. Hakuwahi kufika mji unaoitwa Lowell. Kwake Lowell ilikuwa nguo, tena nguo ya kukwaruza ngozi.

Umeona, msomaji? Mtumwa wa Alabama alikipa kitambaa jina la mji kilikofumwa. Mpagazi wa Tabora, aliyekuwa mbali zaidi, akakipa aina hiyo hiyo ya kitambaa jina la nchi kilikotoka. Watu wawili wenye ngozi moja, pande mbili za bahari, hawajuani, walifuata kanuni moja ya lugha juu ya kitu kimoja. Nimefundisha kanuni hiyo ya jina la mahali kugeuka jina la bidhaa kwa miaka na mikaka, lakini mfano huu sikuwa nao.

Kutoka viwandani tuelekee bandarini. Mji uliotuletea marekani hasa ni Salem, bandari ndogo ya Massachusetts ambayo wengi huijua kwa sababu ya kesi za wachawi za mwaka 1692. Kufikia miaka ya 1820 biashara yake kubwa ya kale ilikuwa inadidimia, bandari jirani za Boston na New York zikiimeza. Mabaharia wake wakatafuta masoko ambayo wakubwa hawakuyataka, na Unguja ikawa mojawapo. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia sahihi mkataba na Sayyid Said kwa niaba ya Marekani, ambao uliweka ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 akaja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mwana wa Salem, ambaye alikuwa mfanyabiashara pia. Mwaka 1840 merikebu ya Sayyid Said, Al-Sultana, ilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na pembe, karafuu, tende na zawadi za rais. Iliporudi, vitambaa vya pamba vilikuwamo katika shehena yake.

Waters alikuwa mcha Mungu. Shajara yake yaonyesha mtu aliyehuzunishwa na utumwa alioushuhudia Unguja. Hata hivyo, biashara yake iliegemea marekani, nguo ya pamba ya watumwa wa Kusini, naye aliiuza katika soko ambako nguo hiyo iliweza kubadilishwa na pembe za ndovu na hata na binadamu. Aliuona utumwa uliokuwa mbele yake barazani. Ule uliokuwa ndani ya marobota yake haukuonekana kwa macho.

Marobota yakishuka, merikebu haikurudi tupu. Ilibeba ngozi za ng'ombe, pembe na sandarusi. Sandarusi, kwa kijana asiyelijua neno, ni utomvu wa miti ya kale ulioganda ardhini. Watu wa Mrima waliuchimba kwa majembe. Salem kulikuwa na kiwanda cha Jonathan Whipple ambako vibarua waliuosha kwa maji ya magadi ili kuondoa tabaka la nje, mpaka ukabaki na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Baadaye uliyeyushwa ukawa vanishi ya kung'arisha meza, viti na magari ya farasi. Hao waosha sandarusi hawana sanamu mjini Salem. Tajiri mmoja wa biashara hii, John Bertram, anakumbukwa kwa wema wake: baada ya kufa kwake mwaka 1882, warithi wake waliitoa nyumba yake iwe maktaba ya umma, na mpaka leo watoto wa Salem huazima vitabu humo. Ni wachache, nadhani, wanaojua kwamba sehemu ya utajiri ulioijengea familia hiyo jina ilitoka kwenye udongo wa Mrima.

Na pembe je? Nyingi ziliishia katika jimbo jirani la Connecticut, katika vijiji viwili, Deep River na Ivoryton. Huyu wa pili hata jina lake maana yake ni mji wa pembe. Mafundi wa huko walipasua pembe kuwa vipande vyembamba vya kufunikia vibonyezo vyeupe vya piano, wakavianika katika nyumba ndefu za vioo ili jua livipaushe. Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, familia yoyote ya Marekani iliyojiona kuwa ya kiungwana ilitamani kuwa na piano sebuleni. Binti aliyejifunza nyimbo za kanisa alibonyeza vidole vyake juu ya pembe iliyobebwa mabegani kutoka bara ya Afrika, mara nyingine na mabega ya watu waliokuwa njiani kuuzwa.

Mmoja wa waanzilishi wa biashara ya pembe pale Deep River alikuwa George Read. Huyu alipinga utumwa waziwazi. Kijana aliyetoroka utumwa Kusini, Daniel Fisher, alifika kijijini hapo, Read akampokea na kumsaidia. Akabadilisha jina, akawa William Winters, akaishi hapo kama mtu huru. Ni tendo jema, na la hatari kwa wakati wake. Lakini mkono uliomfungulia mlango Fisher ndio ule ule uliozipokea pembe kutoka Unguja. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijapata neno moja la kulieleza. 'Unafiki' ni neno jepesi mno. Watu hawa hawakuwa wakijifanya. Walichukia kwa dhati ubaya waliouona, na waliishi kwa ubaya ambao umbali uliwafichia.

Turudi nyumbani kidogo. Katika pwani na bara yetu, marekani ilizaa msamiati wake. Nguo ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 4 ni shuka. Shuka 2 ni doti. Na kitambaa kizima kilichokunjwa ni jora. Nyanya yangu alikuwa akisema doti ya kanga, nasi wajukuu tulidhani ni maneno ya kanga peke yake. Kumbe ni hesabu ya misafara, iliyowahi kuwa mshahara wa watu.

Aidha, nguo hiyo ilikuwa na daraja lake. Unguja na pwani kwa jumla, marekani tupu na kaniki zilikuwa mavazi ya watumwa na maskini. Utumwa ulipopigwa marufuku, Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliokuwa watumwa walikuwa na haraka ya kuivua. Walitaka kanga zenye maua na rangi, na baadaye maandishi. Hawakuhitaji kuelezwa na mtu kwamba kitambaa nacho husema. Na huko Marekani, baada ya uhuru wa mwaka 1865, wazee wale waliohojiwa walilikumbuka shati la lowell kama alama ya siku walizotaka kuzisahau.

Sasa nimefika kwenye swali la mwanafunzi wangu: mbona marikani yatoka India na bado ni marikani? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilifunga njia ya pamba. Meli za Kaskazini ziliziba bandari za Kusini. Viwanda vya Lowell vikafungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Bei ya marekani kule Unguja ikapanda, halafu nguo yenyewe ikaadimika. Wafanyabiashara wakageukia vitambaa vya Uingereza, na hatimaye viwanda vya Bombay vikafuma kitambaa cha kuiga kile kile. Wamarekani walijaribu kurudi baada ya vita, lakini soko halikuwa lao tena. Hata hivyo mnunuzi wa Tabora, Mombasa au Ujiji hakuona sababu ya kubadilisha jina. Alitaka nguo nzito, ya rangi ya maziwa, inayodumu. Hiyo ndiyo marekani. Mfumaji alibadilika, mchumaji akabadilika, mwenye meli akabadilika, neno likakaa.

Hivyo ndivyo lugha ifanyavyo. Neno likishapata kazi, halimwulizi tena mzazi wake ruhusa. Lakini sisi tunaofundisha lugha tuna wajibu wa kumwuliza. Kamusi zetu hueleza marekani kama aina ya kitambaa cha pamba kisichopaushwa, basi. Sizilaumu, kamusi ina nafasi finyu. Ninayemlaumu ni mwalimu aliyekuwa na miaka 30 na ubao mzima, akaandika mstari mmoja. Mwalimu huyo ni mimi.

Hasara ya jibu la mstari mmoja ni kwamba linatufanya tuyaone maneno ya mkopo kama zawadi: fulani alileta, sisi tukapokea. Katika hadithi hiyo Mmarekani ni mwenye meli na Mwafrika ni mwenye kungoja ufukoni. Ukweli ni kwamba Waafrika walikuwa pande zote mbili za kitambaa hiki. Walikipanda kama pamba huko Mississippi, na wakakipokea kama posho huku Unyanyembe. Katikati yao walisimama mabinti wa wakulima maskini, waliosaga mapafu yao kwa vumbi lake na kufukuzwa walipodai haki. Hadithi ya marekani kabla ya kutufikia ni ya hao wote. Wenye viwanda waliweka majina yao juu ya milango, na Francis Cabot Lowell, aliyefariki mwaka 1817 kabla mji huo haujaitwa kwa jina lake, hakupata kuuona. Waliofanya kazi hawakuachiwa mlango. Waliachiwa maneno mawili, 'lowell' kule na 'marekani' huku, na hata hayo hayawataji kwa majina.

Jumanne nilimtafuta mwanafunzi yule, nikamweleza haya yote pale nje ya ukumbi, nusu saa nzima. Alisikiliza, kisha akaniuliza, "Na hii ya shangazi, Profesa, pamba yake imechumwa na nani?"

Nilimwambia hilo sasa ni la utafiti wake wa mwaka wa nne, na sikuwa natania.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka marekani, mwulize waliivaa wakati gani, waliipima vipi, na katika lugha ya mama waliiitaje. Niandikie kupitia ukumbi huu. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutaangalia kaniki, na tujue kwa nini yeye hakuitwa kwa jina la nchi yoyote.